Kubeba Bendera Katika Warsong Gulch: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Warsong Gulch ni mojawapo ya viwanja vya vita vya kwanza kabisa katika World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa mtandaoni. Ulifunguliwa mwaka 2005, na hadi leo ndio uwanja ambao wachezaji wengi hujifunzia kazi ya kubeba bendera. Timu mbili za watu kumi kumi hukabiliana: Alliance wanakaa upande wa kaskazini katika ngome ya Silverwing Hold, Horde wanakaa kusini katika Warsong Lumber Mill, na kila timu inalinda bendera yake huku ikiiba ya wapinzani. Timu inayofikisha bendera ya adui nyumbani mara tatu inashinda. Ipo sheria moja ambayo ndiyo msingi wa mwongozo huu wote: huwezi kupata alama kwa bendera uliyoiba ikiwa bendera ya timu yako haipo mahali pake. Wapinzani wakishaiba yenu, wewe uliyebeba yao utasubiri mpaka wenzako wamuue mwizi na kuirudisha.

Kwa sababu hiyo, mbeba bendera hutumia muda mwingi zaidi akisubiri kuliko akikimbia, na wengi hushindwa kwa kuwa wamejifunza kukimbia tu. Kazi yako ni kubaki hai, mahali ambapo waponyaji wako, yaani wenzako wanaorejesha uhai wa timu, wanaweza kukufikia, kwa muda mrefu kuliko mbeba bendera wa upande wa pili. Majina ya wahusika na ya uwezo wao nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa ndivyo utakavyoyakuta unapocheza.

Hatua ya kwanza: andaa muunganisho na vitufe

Mchezaji wa Afrika Mashariki ana jambo la kushughulikia ambalo miongozo ya Ulaya hailigusi. Hakuna seva za mchezo huu katika ukanda wetu, hivyo anayecheza akiwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam huunganishwa na seva za Ulaya, na ucheleweshaji wa mawasiliano kwa kawaida huzidi milisekunde 100. Maana yake ni kwamba unachokiona kimeshapitwa kidogo na wakati. Warrior, mpiganaji wa karibu, anayeonekana hatua tatu nyuma yako huenda kwa hesabu ya seva ameshakufikia, na kona unayodhani umeshaipita bado inamwonyesha mgongo wako Mage, mchawi anayepiga kwa mbali, aliyeko upande wa pili.

Hali hiyo ina dawa, ingawa haiondoki kabisa. Tumia uwezo wako wa kujilinda mapema kuliko mchezaji wa Paris au Frankfurt: yeye anaweza kusubiri uhai ushuke hadi asilimia 30, wewe anza kwenye 50 au 60. Ukikata kona, endelea hatua mbili zaidi kabla ya kusimama. Kila uwezo wa kujiokoa uwe kwenye kitufe cha kibodi unachokifikia bila kuangalia, maana muda wa kutafuta alama kwa kipanya ukijumlishwa na ucheleweshaji ndio muda unaofia. Angalia pia mpangilio uitwao SpellQueueWindow, ambao huamua ni mapema kiasi gani unaweza kubonyeza uwezo unaofuata kabla ule wa sasa haujaisha. Thamani yake ya kawaida ni milisekunde 400. Wachezaji walio karibu na seva hupenda kuipunguza, lakini aliye mbali asiishushe chini ya ucheleweshaji wake halisi, la sivyo atakuwa akipoteza sehemu ya sekunde kila anapobonyeza. Kama unatumia intaneti ya simu, zima masasisho ya programu nyingine kabla ya mechi. Mawasiliano yakikatika, mhusika wako hubaki amesimama bila ulinzi, na bendera huanguka.

Hatua ya pili: chagua mhusika, na ujue kinachodondosha bendera

Katika toleo la Classic, lililorejesha mchezo wa zamani mwaka 2019, Druid, mhusika anayeweza kugeuka mnyama, ndiye mbeba bendera ambaye kila timu humtafuta. Kubadili umbo humwondolea vizuizi vya mwendo, Travel Form humpa kasi katika uwanja wa wazi, na Bear Form, umbo la dubu, humpa ulinzi mkubwa wa mwili dhidi ya mapigo anapozingirwa. Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo Druid mgeni huyagundua kwa kuchelewa. Travel Form haikubali kutumika ndani ya majengo, kwa hiyo safari ya kutoka chumba cha bendera lazima uianze kwa umbo jingine, kwa mfano umbo la paka ukiwa na Dash, uwezo wa kukimbia kwa kasi. Pia huwezi kunywa dawa ukiwa katika umbo la mnyama. Lazima utoke kwanza, na hiyo ndiyo nafasi ambayo Rogue (mhusika wa kujificha na kuvizia) mwenye akili huisubiri.

Katika toleo la kisasa, wahusika wenye jukumu la ulinzi ndio huchaguliwa zaidi, hasa Druid wa Guardian, Monk wa Brewmaster na Demon Hunter wa Vengeance. Mimi humpendelea Druid kwa anayeanza, kwa sababu makosa yake husameheka: akikosea njia bado ana uhai wa kutosha kusubiri msaada. Demon Hunter huruka mbali na kwa haraka, lakini kasi hiyo humshawishi mchezaji kuwaacha waponyaji wake nyuma, na mbeba bendera aliye peke yake ni suala la sekunde chache tu.

Uchague yeyote, jifunze orodha ya vitendo vinavyodondosha bendera kabla hujaigusa. Kupanda mnyama wa kusafiria huidondosha. Kujificha kwa namna yoyote, iwe ni Stealth na Vanish za Rogue, Prowl ya Druid au Shadowmeld ya kabila la Night Elf, huidondosha. Kinga kamili kama Divine Shield ya Paladin (mpiganaji anayeweza pia kuwakinga wenzake) na Ice Block ya Mage huidondosha pia. Blink, yaani kuruka mbele ghafla kwa Mage, haina tatizo, wala Sprint, mbio za kasi za Rogue. Hatari iliyojificha ni Blessing of Protection, kwa sababu hiyo hutupiwi na adui bali na Paladin wa timu yako mwenye nia njema: anaona uhai wako unashuka, anakukinga, na bendera inaanguka miguuni pa maadui watano. Wakati wa maandalizi, kabla lango halijafunguka, tazama kama timu ina Paladin na umwandikie waziwazi kwamba hutaki kinga hiyo, unataka Blessing of Freedom, ambayo hukuondolea vifungo vya miguu na kukuacha na bendera yako.

Hatua ya tatu: usiiguse bendera mpaka uwe na mtu

Unapofika katika chumba cha bendera cha adui, mkono huwasha kuibonyeza mara moja. Jizuie. Ukishaishika, jina lako linatangazwa kwa kila mtu. Kabla ya kubonyeza, hakikisha mambo matatu: kuna mponyaji ndani ya yadi 40, ambao ndio umbali wa kawaida wa uponyaji, tena anakuona bila ukuta katikati, unajua maadui wengi wako wapi wakati huo, na umeshaamua utatokea wapi.

Kuna ubaguzi mmoja wa kweli. Ikiwa timu nzima ya adui imejazana katikati ya uwanja inapigana, na chumba ni kitupu, ichukue na uondoke bila kusubiri mtu yeyote, kwa sababu sekunde kumi za uwazi zina thamani kuliko mponyaji anayekuja akijikongoja.

Kutoka ngomeni kuna njia tatu: handaki, ambalo wachezaji huliandika TUN, mteremko wa juu, unaoandikwa RAMP, na upande wa makaburi, unaoandikwa GY. Chagua kwa kuangalia waliokufa. Maadui wenu wakifa hufufuka katika makaburi yaliyo karibu na ngome yao, tena kwa makundi. Katika Classic kundi moja hufufuka takriban kila sekunde 30. Kama timu yako imetoka kuua maadui wanne muda mfupi uliopita, basi kupita GY ni kuwaendea waliofufuka wakiwa na uhai kamili. Kama maadui wako hai na wako katikati ya uwanja, GY ni njia nzuri kwa sababu hakuna anayeitazama. Handaki lina viatu vya kasi, ambavyo huongeza mwendo wako kwa asilimia 100 kwa sekunde 10, na kwa umbali huo mfupi ni faida kubwa sana. Lakini handaki ni jembamba na kila mtu analijua, hivyo lipite tu ukiwa umeona kwa macho kwamba viatu vipo na mlango wa mbele hauna watu.

Andika njia yako kwenye chati, yaani ujumbe wa maandishi wa timu, kwa neno moja kabla ya kusogea. Timu za Ulaya huwa na watu wa lugha nyingi, na hakuna atakayesoma sentensi nzima vita vikiendelea. TUN au RAMP inatosha.

Hatua ya nne: vuka uwanja kwa ukingo

Katikati ya uwanja ndipo wapinzani wanapokusanyika kwa mazoea, hivyo pita pembeni, karibu na ukuta wa mlima, hata kama safari inarefuka kidogo. Pembeni kuna faida nyingine: kila upande wa uwanja una vibanda, kimoja chenye nguvu ya kurejesha uhai na mana (nguvu ya kutumia uchawi), kingine chenye nguvu ya kuongeza mapigo. Kile cha uhai ndicho chako. Hurejesha asilimia 10 ya uhai na mana kila sekunde kwa sekunde 10, mradi hupigwi, kwa hiyo kiingie ukiwa umewakata wanaokufukuza, si wakati wapo mgongoni. Kile cha mapigo kiache; pamoja na kuongeza nguvu ya kushambulia hukufanya uumizwe zaidi, na wewe huna sababu ya kushambulia.

Adui wa kweli wa mbeba bendera ni kupunguzwa mwendo na kupigwa butwaa, yaani kugandishwa usiweze kufanya lolote. Mchezo una kanuni ya kupungua kwa athari: butwaa ya kwanza hukaa muda wake wote, ya pili ya aina ileile nusu, ya tatu robo, na baada ya hapo unapata kinga ya muda mfupi. Mchezaji mwenye haraka hutumia kidani chake cha kujinasua mara tu anapopigwa butwaa ya kwanza, hata kama ana uhai kamili na kuna adui mmoja tu. Kidani hicho huchukua dakika kadhaa kurudi. Kitunze kwa butwaa inayokuja pamoja na mashambulizi ya watu watatu, au ile inayompata mponyaji wako kwa wakati uleule unapopatwa wewe. Hiyo ndiyo dalili kwamba wapinzani wamepanga kukuua. Ya tatu ivumilie, ni fupi.

Wanaocheza Classic wana chaguo la dawa. Free Action Potion hukukinga dhidi ya butwaa na vizuizi vya mwendo kwa sekunde 30. Swiftness Potion hukuongezea mwendo kwa asilimia 50 kwa sekunde 15. Ukinywa moja lazima usubiri dakika mbili kabla ya kunywa nyingine, kwa hiyo huwezi kutumia zote mbili katika safari moja. Ninashauri ile ya kwanza karibu kila mara. Kasi haina maana ukiwa umefungwa miguu, na timu nzuri ya adui itakufunga.

Mwendo wako pia usiwapite waponyaji. Kila baada ya sekunde chache zungusha kamera bila kugeuza mwili, uone kama mponyaji yupo. Akiwa amebaki nyuma akipigwa, una maamuzi mawili tu: kurudi hatua chache ili akuone, au kukimbia moja kwa moja ikiwa nyumbani ni karibu na kuna mponyaji mwingine huko. Kusimama katikati ukisitasita ndiko kunakoua.

Hatua ya tano: kusubiri nyumbani

Umefika, na bendera yenu haipo. Hapa ndipo mechi nyingi huamuliwa, na hapa ndipo inafaa kufikiri kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Watu wengi husimama juu ya kituo cha bendera wakisubiri. Hapo ndipo adui anapokuja moja kwa moja bila kukutafuta, na chumba kina kuta zinazokuzuia kukimbia. Afadhali usimame juu, kwenye roshani au juu ya paa, mahali ambapo unawaona wanaoingia kabla hawajakuona, na ambapo unaweza kuruka chini ukakifikia kituo cha bendera kwa sekunde chache. Adui akipanda kwa mteremko, wewe unashuka. Akishuka kukufuata, unatokea njia nyingine na kupanda tena. Njia tatu za ngome hiyo zikiunganishwa zinakuwa mzunguko, na mpinzani anayekufuata katika mzunguko huo hukaa muda mrefu bila kukupiga huku walinzi wako wakimpiga yeye. Kila unapozunguka, pita pale mponyaji wako aliposimama ili asilazimike kusogea. Nguzo na kingo za milango zitumie dhidi ya Mage na Hunter, ambao hupiga kwa mbali, lakini kumbuka kwamba nguzo inayomzuia Mage asikuone inaweza kumzuia mponyaji pia. Mtafute awe upande wako wa nguzo.

Ukilemewa kabisa, sogea kuelekea makaburi ya timu yako. Wenzako waliokufa watafufuka hapo kwa pamoja, na kundi la watu wanne wenye uhai kamili wakitokea mgongoni mwa maadui hubadilisha pambano papo hapo. Mbeba bendera mzoefu huhesabu kichwani muda wa ufufuo na kuvuta uhai wake hadi dakika hiyo.

Mchezo wenyewe haukuruhusu kusubiri milele. Zamani, kabla ya kikomo cha muda kuwekwa, mechi moja iliweza kwenda kwa saa kadhaa kwa sababu wabeba bendera wote wawili walijifungia nyumbani. Katika toleo la kisasa, bendera zote mbili zikikaa nje kwa muda, wabeba bendera hupata alama ya Focused Assault, inayoongeza madhara wanayopata na kuendelea kupanda kadiri muda unavyopita. Baadaye hugeuka kuwa Brutal Assault, na hapo hata mwendo wako hauwezi kuzidi ule wa kawaida. Tazama alama hiyo kwako na kwa mbeba bendera wa upande wa pili. Ikiwa bado ni ndogo, subira ni yenu. Ikishapanda, iambie timu ibaki na watu watatu nyumbani, wawili kati yao wakiwa waponyaji, na wengine wote waende kumwinda mbeba bendera wa adui kwa pamoja, si mmoja mmoja. Wewe ndiye unayeona alama hiyo kwa ukaribu, kwa hiyo usingoje mtu mwingine atoe amri hiyo.

Hatua ya sita: kukabidhi bendera kwa mwenzako

Wachezaji wachache hujua kwamba bendera inaweza kupokezanwa, na wachache zaidi huifanya vizuri. Bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya alama ya bendera iliyo kati ya alama za athari ulizonazo, na bendera itaanguka chini ulipo. Mwenzako anaiokota. Wewe huwezi kuiokota tena mara moja, lakini yeye anaweza.

Fanya hivyo pale unapojua kwamba utakufa ndani ya sekunde tatu au nne na mwenzako mwenye uhai mzuri amesimama juu ya miguu yako. Usifanye hivyo adui akiwa amewakaribia kiasi cha kuigusa, kwa sababu akiibonyeza yeye kwanza inarudi kwao na safari yote inakuwa bure. Mpangilio unaofaa ni kumwandalia mpokeaji mapema: mwambie kwenye chati akufuate kwa karibu na aelekeze kipanya chini yako uhai wako unaposhuka. Druid wawili wakielewana hivi ni vigumu sana kuwazuia, kwani mmoja hukimbia wakati mwingine anasubiri uwezo wake urudi.

Hatua ya saba: kufunga alama na kuendelea

Wenzako wanapoelekea kumuua mbeba bendera wa adui, usisubiri tangazo kwamba bendera imerudi. Fuatilia uhai wa mbeba bendera huyo. Ukishashuka chini ya nusu, anza kushuka kutoka paani kuelekea kituoni, ili bendera yenu inapotokea uwe umebakiza hatua mbili. Adui huyo naye ana wenzake wanaoweza kuiokota tena bendera iliyoanguka, na nafasi yako mara nyingine ni sekunde tatu tu kabla mwizi mwingine hajaingia chumbani na kuichukua. Akiwepo Rogue aliyejificha karibu na kituo, anasubiri nafasi hiyohiyo. Mlinzi wenu mmoja asiondoke hapo hata kidogo, na kazi yake wakati huo si kukulinda wewe bali ni kumzuia yeyote asiibonyeze.

Baada ya alama kuingia, usikimbilie peke yako kuchukua ya pili. Angalia uwezo wako mkubwa umebakiza muda gani kurudi. Kama kidani na ulinzi wako mkuu vyote bado havijarudi, mwache mwenzako achukue safari inayofuata nawe umsindikize.

Katika viwanja vingine

Twin Peaks, uwanja ulioongezwa mwaka 2010, una sheria zilezile na mto katikati. Karibu yote yaliyoandikwa hapa yanatumika bila kubadilishwa. Eye of the Storm wa mwaka 2007 ni tofauti, kwa sababu bendera ni moja tu, iko katikati, na huipeleka katika mnara wowote ambao timu yako inaumiliki. Huko alama za bendera hupanda kulingana na idadi ya minara mnayoshikilia, hivyo kuibeba wakati hamna mnara hata mmoja hakuna faida zaidi ya kuwanyima wapinzani. Chukua mnara kwanza, kisha urudi kwa bendera, na uchague mnara wenye walinzi wengi badala ya ule ulio karibu.